Upinde Juu ya Mti

Leo twataka kueleza kwa nini mwindaji wa upinde hupanda mti. Mshale hauendi mbali kama risasi. Yampasa mpigaji kungoja hata mnyama afike karibu sana. Akikaa chini, mbawala humwona au huinusa harufu yake mapema. Katika nchi ya miombo kama Namtumbo, wakati mwema ni kiangazi: nyasi zimekwisha kuungua, maji yamebaki mahali pachache, na wanyama hushika njia zile zile.

Mkulima naye alipanda juu, akikesha katika dungu la shamba kungoja nguruwe.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa sheria ya kutaka cheti cha kuwinda. Kisha vikaja Vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907. Majeshi ya Wajerumani yaliteketeza vyakula na mashamba. Katika Ungoni watu wengi walikufa kwa njaa. Mashamba yakageuka pori, wanyama wakasogea.

Basi tusomapo habari za uwindaji, tuwakumbuke watu pia. Upinde haukupungua nguvu. Dungu lilikosa mtu wa kulikalia.