Mtoto Atazamwe Kabla ya Kufika Shuleni



Kila unapoanza mwaka wa masomo, mwalimu hupokea watoto wapya. Huandika jina la mtoto, jina la baba yake na umri wake. Lakini yako maswali makubwa kuliko hayo: Je, mtoto huyu aona vema? Asikia? Amekua kama ipasavyo? Leo nataka kuwaelezeni jinsi maswali hayo yalivyoanza kuulizwa katika nchi ya Uingereza, na jinsi watu wa huko walivyotambua ya kuwa kuyauliza mlangoni mwa shule ni kuchelewa.

Mwaka 1870 Uingereza ilitunga sheria ya kujenga shule kwa watoto wote, na mwaka 1880 ikawalazimisha wazazi kuwapeleka watoto wao tangu umri wa miaka 5. Ndipo watoto wa maskini walipojaa madarasani, wana wa watu wa viwandani na bandarini, waliokaa katika vyumba vyenye giza na moshi. Wengine walikuja na njaa, wengine na matege, wengine na masikio yatokayo usaha. Mtoto asiyeuona ubao aliambiwa kuwa ni mvivu. Asiyesikia aliitwa mjinga, naye akapigwa kwa kosa lisilo lake. Serikali ilikuwa imemleta mtoto shuleni kwa nguvu ya sheria, lakini hapakuwa na mtu wa kumtazama kama aweza kujifunza.

Mmoja wa watu walioliona jambo hili alikuwa Bibi Margaret McMillan, aliyezaliwa mwaka 1860. Alipokuwa mtoto mdogo alipatwa na homa kali ya vipele, akawa kiziwi kwa miaka mingi. Alikuwa amefika yapata miaka 14 masikio yake yalipozibuka. Basi yeye hakuwa na haja ya kuhadithiwa maana ya kukaa kati ya watu bila kuyasikia maneno yao. Mwaka 1893 alihamia Bradford, mji wa viwanda vya sufu, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la shule. Katika mji huo alikuwako Daktari James Kerr, mganga wa shule. Mwaka 1897 shule moja ya Bradford ilipata bafu za kuwaogeshea watoto, maana walikuwako walioshonewa nguo mwilini mwanzo wa baridi, zisivuliwe mpaka baridi iishe. Tena mwaka 1899 wawili hawa walisimamia ukaguzi wa afya ya wanafunzi, nao husemwa kuwa ni wa kwanza kuandikwa katika shule za watu wote za nchi ile.

Mambo ya Bradford hayakuwashtua wakubwa wa nchi. Kilichowashtua ni vita. Mwaka 1899 hata 1902 Uingereza ilipigana na Makaburu huko Afrika ya Kusini, na vijana wengi waliotaka kuandikishwa askari walikataliwa kwa udhaifu wa miili: vifua vyembamba, meno mabovu, macho yasiyoona mbali. Watu wakauliza, “Udhaifu huu umetoka wapi?” Serikali ikaweka kamati, nayo mwaka 1904 ikashauri kwamba watoto wa shule wakaguliwe na waganga. Mwaka 1906 ikatungwa sheria ya kuruhusu watoto wenye njaa wapewe chakula shuleni. Na mwaka 1907 ikaja sheria ya ukaguzi wa afya, iliyoanza kazi mwanzo wa mwaka 1908. Msimamizi wake mkuu alikuwa Daktari George Newman.

Sheria ile ilisema mtoto aangaliwe kabla tu ya kuingia shule, au siku ya kuingia, au upesi iwezekanavyo baada ya kuingia. Mganga na muuguzi walifika, mtoto akapimwa urefu na uzito, akatazamwa meno, koo, pua, masikio, ngozi na nywele, akasikilizwa moyo na mapafu. Wenye kujua herufi walipimwa macho kwa karatasi ya herufi kubwa na ndogo, iliyotengenezwa mwaka 1862 na Daktari Herman Snellen wa Uholanzi. Mzazi aliitwa aje ashuhudie.

Ndipo lilipofunuliwa jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Watu walidhani mtoto huja mzima, kisha huharibika kwa kukaa darasani. Kumbe sivyo! Wengi waliletwa wakiwa wamekwisha dhurika. Matege yalikwisha kupinda miguu. Meno yalikwisha kuoza. Usaha wa sikio ulikuwa wa miaka. Mganga wa shule alikuwa akisoma kitabu kilichoandikwa nyumbani tangu siku ya kuzaliwa. Tena hapo kwanza sheria ililazimisha kutazama, haikulazimisha kuponya.

Kwa hiyo mwaka 1910 Bibi Margaret na dada yake Rachel walifungua zahanati ya watoto huko Deptford, mtaa wa maskini katika London. Waliwatibu watoto, lakini baada ya muda walewale walirudi na maradhi yaleyale, kwa sababu walirudi katika vyumba vilevile. Dada hawa wakasema moyoni kwamba dawa peke yake haitoshi, wala miaka 5 si mwanzo. Mwaka 1914 wakafungua shule ya watoto wachanga mahali pa wazi, penye bustani, jua, maji ya kuogea na chakula. Rachel alifariki mwaka 1917, na shule ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1918 sheria mpya ziliruhusu shule za watoto wa miaka 2 hata 5, zikasaidia huduma za mama na mtoto, na zikafanya matibabu ya wanafunzi kuwa wajibu.

Lakini mtoto si mwili tu. Huko Marekani, Daktari Arnold Gesell, aliyeanza kazi yake katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1911, alichunguza kwa subira hatua za kukua: lini mtoto huketi, husimama, husema, hujenga kwa vipande vya mti. Akaonyesha kwamba akili nayo ina njia yake ya kukua, yaweza kutazamwa kama uzito utazamwavyo kwa mizani.

Habari hii imefika hata Afrika. Huko Imesi, katika Nigeria, Daktari David Morley, aliyeanza kazi hapo katika miaka ya 1950, alitengeneza kadi yenye mstari wa kukua, akaacha kadi ikae mikononi mwa mama mwenyewe. Kadi za kliniki tuzijuazo Afrika ya Mashariki ni za ukoo huo.

Basi tujiulize: kadi ya mtoto wako i wapi? Wazazi wengi huitunza mpaka chanjo zinapokwisha, kisha huiweka sandukuni, na mtoto hukaa miaka mitatu au minne bila kutazamwa na mtu, mpaka siku ya kuandikishwa darasa la kwanza. Hapo ndipo ufa hugeuka kuwa ukuta wa kujengwa upya. Mwite mtoto kwa sauti ndogo ukiwa nyuma yake, je, ageuka? Akitazama picha, je, aileta puani? Je, asema maneno wasemayo rika lake? Ukiona shaka, mpeleke zahanati, usingoje.

Na sisi waalimu, kabla ya kumwita mtoto mjinga, na tumsogeze kwanza mbele ya darasa, tuone kama shida yake ni ya akili, au ni ya jicho na sikio.