Ritifaa ya Wanging'ombe

Msafiri aondokaye Makambako kwa barabara kuu iendayo Mbeya hupita katika Wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe, mkoa uliotengwa na Iringa mwaka 2012. Jina la wilaya hiyo limebeba alama ndogo juu ya mstari, ritifaa, itenganishayo ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma.

Sauti hii haijapata kuwa na makao mema katika hati yoyote. Waandishi wa kale wa pwani, walioandika kwa herufi za Kiarabu, waliitwika ghaini, nayo ghaini ilikwisha kulemewa na g, gh na ng; msomaji alipambanua kwa akili yake. Hati ya Kirumi ilipoenea, Alfabeti ya Afrika ilitoa herufi moja, ŋ, lakini Kiswahili Sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, kilishika ng'. Uamuzi huo ulikuwa na faida yake: mashine za kupigia chapa zilizozoeleka hazikuwa na ŋ, na ritifaa ilikuwamo.

Kompyuta ndiyo iliyochafua mambo. Mpango wa Kimarekani wa ASCII, wa mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, na ritifaa wima ikapewa namba 39. Unicode, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, inayo pia ritifaa iliyopinda, namba 8217, na nyingine iliyokusudiwa kuwa herufi kamili, namba 700. Basi programu ya kuandikia huipindisha ritifaa bila kuombwa. Mfumo wa UTF-8 huihifadhi kwa baiti tatu, 226, 128 na 153. Na programu nyingine, ikidhani ni Windows-1252, huzisoma baiti hizo mojamoja. Wilaya nzima huwa Wangingâ€™ombe.

Dawa si kufuta na kuandika upya, bali kuiamuru programu isome faili kwa UTF-8, kwani baiti hazijadhurika. Faili likiisha kuhifadhiwa katika sura hiyo mbovu, hatua zilezile hurudiwa kinyumenyume. Lakini alama ikigeuzwa kuwa ya kuuliza, ya asili imekwisha kupotea, na hapana budi kurejea kwenye karatasi.

Lililo zito zaidi halionekani kwa macho. Ritifaa wima na iliyopinda ni moja kwa msomaji; kwa kompyuta ni mbili. Orodha moja ikiandikwa hivi na nyingine vile, mtu mwenye jina la ukoo lenye ng' huweza kutafutwa Njombe asionekane, ilhali jina lake limo.