Yule mnayemwita boa ni chatu

Karibu kila kambi ya wahamaji wa vita ninayotembelea huku Kivu, mtoto akiona nyoka mnene anapiga kelele: « Boa! » Watu wanakimbilia panga. Lakini nyoka huyo si boa, ni chatu. Boa mwenyewe haishi katika pori la Kongo. Kwao ni Amerika ya Kati na ya Kusini.

Sasa jina lilifikaje huku? Ni la zamani. Karibu miaka 2000 iliyopita, Plinius, mwandishi wa Roma, aliandika kwamba boa ni nyoka wa Italia anayenyonya maziwa ya ng'ombe. Haikuwa kweli, lakini jina lilibaki. Mwaka wa 1758, mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, akalipa nyoka wa Amerika: Boa constrictor. Katika Kifaransa cha kila siku, nyoka yeyote mkubwa akaitwa boa, nasi tukalirithi pamoja na lugha hiyo.

Hao wawili wanafanana: hawana sumu, wanakamata na kubana. Wengi wanasema mnyama anakufa kwa kukosa pumzi. Mwaka wa 2015, watafiti wa Marekani walipima wakaona kwamba boa anapobana, damu ndiyo inayosimama. Tofauti yao iko kwenye uzazi: boa anazaa watoto hai, chatu anataga mayai na kuyazungushia mwili wake.

Huko Marekani watu wanafuga boa nyumbani. Anahitaji joto la karibu digrii 30, maji, mahali pa kujificha na panya wa kula. Mmoja aliishi miaka 40 katika bustani ya wanyama ya Philadelphia. Wafugaji wengine wanachoka mapema, wanamwachilia. Katika kisiwa cha Aruba, ambako hawakuwako, boa walionekana mwaka wa 1999. Wakazaana, sasa wanakula ndege wa huko.

Kwetu, chatu anakula panya wanaotoboa mifuko ya unga wa msaada. Mkubwa anaweza kudhuru mtoto, hilo tusilifiche. Kwa hiyo mama, shika mtoto, rudi nyuma, ita wakubwa wa kambi. Msimrushie mawe, msimfuge ndani ya hema. Mwacheni njia, ataenda.

Sisi tuliokimbia makwetu tunajua uchungu wa kuitwa jina lisilo letu, kisha kupigwa kwa sababu yake.