Jina na Stahili: Kutoka Mlolongo hadi Programu Huria

Mji wa Mlolongo, ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa katika Kaunti ya Machakos, husemwa kuwa ulipata jina lake kutokana na safu ndefu za malori yaliyongojea zamu kwenye mizani. Nomino ya kawaida ikawa jina la mahali, na upatanisho wake ukabadilika: mlolongo wa malori umerefuka, bali Mlolongo pamejengwa. Jina la namna hii halina mtunzi mmoja. Lahifadhi kile kilichoonekana, wala haliwahifadhi waliolitamka kwanza.

Swali la jina kumhifadhi nani limezusha mabishano makubwa katika historia ya programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. Wengi wa watungaji wake hawakulipwa. Kwao, kutajwa ndio ujira.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, alikusudia kukiita kiini cha mfumo wake Freax. Ari Lemmke, aliyesimamia hifadhi ya mafaili nchini Finland, alikiweka mahali alipopaita Linux. Jina likashika, likamtukuza Torvalds, na aliyelitoa akasahaulika kwa wengi. Aidha, mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, ulikuwa umekwisha kutunga sehemu nyingi ambazo bila hizo kiini hicho kisingekuwa mfumo kamili. Ndiyo sababu Stallman amesisitiza kwamba mfumo mzima uitwe GNU/Linux. Wapinzani wake hujibu kwamba waliochangia ni wengi mno, na jina moja haliwezi kuwabeba wote.

Jibu hilo lina uzito, kama ionyeshavyo leseni ya BSD ya Chuo Kikuu cha California. Leseni hiyo ilidai kwamba kila tangazo la biashara litakalotaja sifa za programu litaje chuo hicho pia. Watungaji wengine waliinakili leseni na kutia majina yao wenyewe. Katika toleo moja la NetBSD la mwaka 1997, Stallman alihesabu shukrani 75 za lazima. Shukrani zenyewe zikawa mlolongo. Mwaka 1999 chuo kililifuta sharti hilo, lakini sharti la kuhifadhi tamko la hakimiliki ndani ya programu lilibaki. Stahili iliondolewa katika tangazo, ikabaki katika daftari.

Afrika ya Mashariki nayo ina mifano yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kiambishi ki- cha majina ya lugha kilipachikwa kwenye jina la kigeni; nayo "jambo" ni salamu iliyopunguzwa, kwani msemaji mzoefu husema "hujambo". Majina hayo yaitambulisha lugha. Hayamtambulishi aliyechagua istilahi hata moja. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa na kuzionyesha katika ramani. Hapa jina lataja kazi ya mashahidi, nao mashahidi wenyewe waliweza kutojitaja, kwa kuwa kutajwa kungaliweza kuwadhuru.

Basi jina na stahili ni mambo mawili. Jina huchaguliwa na matumizi, kama Mlolongo. Stahili huhitaji mwandishi wa kumbukumbu. Idara za Kiswahili zinazotoa istilahi kwa ajili ya programu zapaswa kuweka daftari: nani alipendekeza neno, nani alilirekebisha, na mwaka gani. Lisipowekwa leo, mwanaisimu wa kesho ataliona neno, asimwone mtu.