Kumaliza mkopo wa nyumba kabla ya muda: hesabu za jikoni kwetu Mwanza

Nimeulizwa mara nyingi na vijana hapa mtaani, "Dada, hivi mkopo wa nyumba unalipikaje kwa mishahara yetu hii?" Leo nimeamua niandike yote mahali pamoja, ili mtu akiniuliza tena nimwambie nenda kasome. Mimi si mtaalamu wa uchumi. Ni nesi, mume wangu anafanya kazi kiwanda cha samaki, tuna watoto watatu na tunaishi Ilemela. Tulikopa Januari 2019. Nitaeleza tulichojifunza na pale tulipochemsha. Wewe uliyekaa kafe dakika zikihesabika, anza na namba 2, ndiyo yenye pesa.

1. MKOPO WA NYUMBA NI NINI

Wengi wetu Bongo tunajenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali, mabati Mungu akipenda. Mkopo wa nyumba ni tofauti: benki inalipa nyumba sasa hivi, wewe unarejesha kila mwezi kwa miaka 10, 15 au zaidi, na hati inakaa rehani mpaka umalize. Ukishindwa, benki ina haki ya kuuza.

Zamani kulikuwa na Benki ya Nyumba, THB, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafa 1995. Baada ya hapo kwa miaka mingi mtu wa kawaida hakuwa na pa kukopa nyumba. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, na pia sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, kama fleti. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC, kazi yake ni kuzikopesha benki pesa za muda mrefu ili nazo zitukopeshe sisi. Ndiyo maana leo unaona mabango ya mikopo ya nyumba hata hapa kwetu. Lakini riba bado iko juu. Sisi tulipata asilimia 17 kwa mwaka, tukashangilia.

2. HESABU AMBAYO HAKUNA ALIYETUKALISHA CHINI KUTUELEZA

Mkopo wetu ulikuwa shilingi 40,000,000, riba asilimia 17, miaka 15. Rejesho 615,600 kila mwezi. Zidisha mara miezi 180: inakuja takriban 110,800,000. Yaani unakopa milioni 40 unarudisha milioni 110 na ushee.

Subiri, bado. Katika rejesho la kwanza la 615,600, riba peke yake ni kama 566,700. Kinachopunguza deni ni 48,900 tu. Benki haijakuibia hapo, ndivyo hesabu ilivyo: riba inapigwa kwenye salio, na mwanzoni salio ni kubwa. Kadiri miaka inavyokwenda, riba inapungua na sehemu ya deni inakua.

Sisi tulilijua hili Januari 2021. Nilikwenda kuchukua taarifa ya mkopo baada ya miaka miwili ya kulipa bila kukosa hata mwezi. Tulikuwa tumelipa zaidi ya milioni 14 na laki saba. Deni? Milioni 38 na laki sita! Limepungua milioni 1 na laki nne hivi. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka mjini mpaka Kirumba bila kujitambua, ndipo nikakumbuka kupanda daladala. Usiku baba watoto aliniuliza mara tatu kama nimefiwa.

Sasa habari njema. Riba ikiwa inapigwa kwenye salio, kila shilingi unayoongeza juu ya rejesho inakwenda moja kwa moja kukata deni. Angalia mkopo huo huo:

- Ukilipa 615,600 tu: miezi 180, jumla milioni 110.8.
- Ukiongeza 100,000 kila mwezi tangu mwanzo: miezi 112 hivi, jumla kama milioni 79.8. Umeokoa milioni 31 na miaka mitano na nusu.
- Ukiweka milioni 1 mara moja tu, mwanzoni kabisa: unakata kama miezi 18 kutoka mwishoni.
- Milioni 1 hiyo hiyo ukiiweka ikiwa imebaki miaka mitatu: unakata chini ya miezi mitatu.

Kwa hiyo shilingi ya mapema ina nguvu kuliko ya baadaye. Usisubiri mpaka mshahara upande.

Angalizo: kuna mikopo ambayo riba inapigwa kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza bila kujali salio. Kwenye huo kulipa mapema hakuna faida kama hii. Uliza kabla ya kusaini: "Riba inahesabiwa kwenye salio au kwenye mkopo wote?"

3. BAJETI YETU YA MWEZI

Hii ndiyo tuliyokuja kuifikia baada ya kukosea sana. Mshahara wangu mkononi 830,000, wa mume wangu 560,000, vitumbua vyangu vya asubuhi 90,000 baada ya kutoa mtaji. Jumla 1,480,000.

- Rejesho la mkopo: 615,600
- Chakula: 330,000
- Nauli za wote: 70,000
- LUKU na maji: 45,000
- Gesi na mkaa: 50,000
- Shule (sare, madaftari, chakula cha mchana): 90,000
- Wazazi Sengerema: 50,000
- Michango ya misiba, harusi, kanisa: 30,000
- Simu: 15,000
- Sabuni, mafuta, vidogovidogo: 25,000
- Akiba ya dharura: 50,000
- Nyongeza ya mkopo: 100,000

Inabaki 9,400. Hiyo ndiyo soda ya Jumapili.

Siri iko kwenye mpangilio. Mshahara ukiingia tu, nyongeza na akiba vinatoka siku hiyo hiyo. Tukisubiri kuona kitakachobaki mwisho wa mwezi, hakibaki kitu, jamani tusidanganyane. Pesa ya chakula naigawa kwa wiki, kila wiki na bahasha yake. Bahasha ikiisha Alhamisi, Ijumaa tunakula kilichomo ndani.

4. JIKO LINALOFUATA ZIWA NA MSIMU

Hapa ndipo wakazi wa kanda ya ziwa tuna bahati, tukitumia akili.

Dagaa. Wanavuliwa usiku kwa taa, maana wanafuata mwanga. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo, wanapatikana kwa wingi na bei inashuka. Siku za mbalamwezi taa haina kazi, mitumbwi mingi inapumzika na bei inapanda. Mimi kalenda yangu ya jikoni ina mwezi wa angani. Giza likiingia nakwenda Mwaloni Kirumba mapema, nanunua waliokauka vizuri, wasio na mchanga, wa kututosha mpaka giza lijalo. Ukinunua kwa fungu dukani kila siku, unalipa pesa nyingi kwa dagaa wale wale.

Samaki. Sato mbichi ni wa mgeni. Siku za kawaida tunakula dagaa, na mapanki ya sangara wakipatikana wazuri: ni mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Msione haya, mchuzi wake mtamu.

Mchele na mahindi. Tunanunua gunia baada ya mavuno, wakati mchele wa Magu, Misungwi na Shinyanga umejaa sokoni. Ukinunua kilo moja moja Januari, utalia. Sharti ni kuwa na pakavu pa kuhifadhia na kuwa macho na panya.

Michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Wasukuma walishaujua uchumi kabla yetu. Chemsha, weka karanga, watoto wameshiba mpaka saa saba.

5. TULIPOCHEMSHA

Hapa nisomeni vizuri, maana hili lingetutoa kwenye nyumba.

Baada ya kuona ile taarifa ya 2021 tulipandwa na mori. Kila senti kwenye mkopo. Mchezo nilioucheza na wenzangu wa wodini ukanifikia, milioni 1 na laki mbili, nikaiweka yote. Akiba hatukuwa nayo, tukajiambia akiba yetu ni nyumba.

Mwaka 2022 kiwanda anachofanyia mume wangu kikapunguza zamu. Mshahara ukashuka karibu nusu. Tukaenda kuuliza kama ile nyongeza tuliyotanguliza inaweza kufidia rejesho la mwezi. Jibu: hapana, ile imeshakata deni, rejesho la mwezi huu liko palepale. Kisheria ni sawa, ndivyo mkataba ulivyoandikwa. Sisi hatukuusoma.

Kwa hiyo tulikuwa tumelipa zaidi ya tulichodaiwa, na bado tulikuwa tunakaribia kuitwa wadaiwa sugu. Mume wangu akauza pikipiki yake. Hakusema kitu, aliamka saa kumi alfajiri akaanza kutembea kwenda kazini. Nilikuwa namsikia akifungua geti nikiwa nimelala macho. Mama mkwe naye alikuwa mgonjwa Sengerema, pesa ya kumpelekea ikapungua, maneno yakaanza kwenye ukoo kwamba mimi nimemfungia mtoto wao ndani ya nyumba ya benki. Miezi minane hatukuongeza hata shilingi, lakini rejesho hatukukosa. Zamu ziliporudi, kitu cha kwanza ilikuwa ile elfu hamsini ya akiba, na pesa ya wazazi ikawekwa kwenye bajeti kama deni jingine lolote.

Kanuni yetu sasa: kwanza akiba ya marejesho matatu, iliyo mbali na mkono. Halafu ndiyo nyongeza. Nyongeza unaweza kuisimamisha ukiishiwa, ila rejesho halisimami.

6. KABLA HUJAONGEZA HATA SHILINGI

a) Soma kipengele cha kulipa mapema. Baadhi ya mikataba ina tozo. Piga hesabu kama tozo inameza faida.

b) Andika barua kwamba nyongeza ipunguze salio na muda wa mkopo, si ukubwa wa rejesho. Wakikupunguzia rejesho na kuacha miaka ileile, faida inapungua sana. Bakiza nakala yenye mhuri.

c) Chukua taarifa ya mkopo angalau kila miezi sita uone kama nyongeza imeingia inavyotakiwa.

d) Kama riba yako inabadilika, fuatilia. Benki Kuu ilianza kutangaza riba yake Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikapanda 6 Aprili 2024, ikashuka 5.75 Julai 2025. Usitegemee mkopo wako ushuke siku hiyo hiyo, ila una haki ya kuuliza.

e) Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema hivyo. Dada zangu, msisaini tu kwa kuwa baba kasema. Someni.

f) Ukianza kukwama, nenda benki mapema mwenyewe. Sheria hiyo, baada ya marekebisho ya 2008, inataka upewe notisi ya siku 60 kabla benki haijatumia haki zake kama kuuza. Lakini notisi ikishafika umechelewa kupanga vizuri.

g) Ukimaliza, usiishie kushangilia. Hakikisha rehani imefutwa kwa Msajili wa Hati, na hati yako umeishika mkononi.

7. TULIPO SASA

Kwa mwendo huu tutamaliza 2029 badala ya mwisho wa 2033. Mtoto wetu wa kwanza atakuwa anamaliza shule, na ile 715,600 ya kila mwezi itakuwa yake. Kwa sababu hiyo tunavumilia dagaa. Mume wangu bado hana pikipiki. Nikimwambia tununue nyingine ananijibu, "Mama, miguu haina riba."

Je, kila mtu akope? Hapana. Kama kipato chako hakieleweki, jenga kidogo kidogo, si aibu. Na kama una mkopo mwingine wenye riba kubwa kuliko wa nyumba, maliza huo kwanza, ndipo uongeze kwenye nyumba.

Wadau, naomba kuwasilisha. Mwenye uzoefu wa mkopo wa aina hii, au aliyejenga kidogo kidogo akaona ni nafuu zaidi, aweke hesabu zake hapo chini tulinganishe. Ila tafadhali, njoo na namba.