Bunduki Begani

Zamani, hapa Ufipa, mtu apitaye njiani na bunduki begani alihesabiwa kuwa mkubwa, au mtu wa mkubwa. Hakuificha, maana kuonekana ndiko kulikompa heshima. Lakini bunduki hizo ndizo zilizokamatia watumwa. Basi tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17, Unguja ikiwa mojawapo, yalifanya mapatano huko Brussels, yakazuia bunduki na baruti zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume zililegezewa kidogo. Bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu zilikazwa mno. Aliyeitaka ilimpasa kupata cheti, bunduki itiwe alama, naye atoe dhamana kwamba hatampa wala kumwuzia mwingine. Tangu hapo bunduki iliyoonekana begani ilimdai mwenyewe cheti.

Mapatano hayo yaliandikwa kwa Kifaransa. Sisi tukaao Matai twajiuliza: mzee wetu aliyeshuka Kasanga na gumegume yake angaliyasomaje? (Hata vibao vya leo, wapo wavipitao bila kuvisoma.) Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo yataka leseni, na aliyerithi gobori la babu yake yampasa aiombe kwa jina lake mwenyewe.