Neno kwa Neno: Wanga na Uwanga

Kwenye ghala moja la Zone Industrielle, Bujumbura, nimekuta gunia la wanga wa muhogo limeandikwa "uwanga". Kosa hilo lina asili yake. Zamani huko pwani, wanga au uwanga ulikuwa unga mweupe wa kiazi cha porini, ulioshwa kwa maji mara kadhaa hadi ukali utoke, ndipo ukapikwa uji. Leo wanga ni jina la jumla: umo kwenye muhogo, mahindi, mchele, hata ndizi mbichi. Ukikorogwa kwa maji moto na kutiwa kwenye kola ya shati, huitwa kanji, neno lililotoka Bara Hindi. Basi kila uwanga ni wanga, ila si kila wanga ni uwanga. Andikeni "wanga wa muhogo", mnunuzi aelewe anachobeba.